Jani Lenye Macho

Ukitaka kumtambua Dokta Enelesi Khonje katika kundi la wasomi wa Zomba, tazama magoti. Suruali za wenzake hupauka nyuma, mahali pa kukalia kiti. Zake hutoboka mbele. Fundi cherehani wa sokoni, ambaye ameshazitia viraka mpaka akachoka, humwuliza kila mara kama kanisa lao halina mabenchi.

Hazitoboki kwa sababu ya sala. Miaka mingi ya ujana wake ilikwenda kwa kumtafuta kinyonga mmoja asiyezidi urefu wa kidole cha mtoto, mwenye rangi ya jani lililooza na mkia mfupi kama kijiti kilichovunjika. Vinyonga wengine hupanda miti. Huyu huishi chini, kwenye majani makavu ya msitu wenye kivuli kizito. Kwa kadiri wataalamu walivyojua, mtu wa mwisho kumwona alikuwa mmisionari wa zamani, naye alimtia kwenye chupa ya pombe kali na kubandika karatasi: Mlima Nakhoswe. Chupa ipo mpaka leo. Kinyonga aliyemo amekuwa mweupe kama mnyoo. Enelesi alipooneshwa mara ya kwanza, bado mwanafunzi, aliusogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, na mlinzi wa chumba akamwambia kwa upole asilambe mali ya serikali.

Mwaka wa habari hizi alikuwa na miaka thelathini na nane. Mkuu wake wa kazi, Profesa Mtawali, mtu mtaratibu ambaye hajawahi kuonekana akitembea kwa haraka, alimwita ofisini na kumwambia kwamba safari hiyo ya Nakhoswe ingekuwa ya mwisho.

"Usipomwona, tutatangaza kwamba ametoweka duniani," alisema. "Si kwa ubaya, Enelesi. Hata marehemu huandikiwa cheti."

"Mimi sijaona maiti, Profesa."

"Ndiyo tabu ya viumbe wadogo. Hufa bila msiba."

Enelesi alifunga mizigo siku hiyo hiyo.

Mlima Nakhoswe ulikuwa umenyolewa. Mkaa ulikuwa umeanza kazi na mahindi yakaimaliza. Palibaki kipande kimoja tu cha msitu mnene, ubavuni juu ya kijiji cha Chilungo, kama kofia kwenye kichwa chenye upara. Kipande hicho kilibaki kwa sababu kilikuwa makaburi. Katika nchi ile hakuna anayekata mti juu ya wafu wake, na hakuna anayeingia humo bila maiti, isipokuwa wachimba kaburi, ambao huitwa wajukuu hata wakiwa na mvi.

Lakini makaburi yale yalikuwa yamejaa. Kijiji kilikuwa kimefungua mapya karibu na barabara. Matofali mabichi ya shule yalikuwa yamepangwa na kufunikwa nyasi, yakisubiri moto, na moto hutaka kuni. Wazee walimwaga pombe, wakawaeleza wafu kwamba vitukuu wao wanasoma kwenye jua, wakakubaliana. Shoka zingeingia mara tu mahindi yatakapovunwa, na mahindi yalikuwa tayari yamekauka mashambani.

Kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya Enelesi alipofika ni kwenda kwa chifu. Chifu Namalima alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, na siku hiyo alikuwa akibangua karanga barazani na jirani zake.

"Mama Chifu, naomba asubuhi moja tu mle ndani."

"Umekuja na maiti?"

"Sina, mama."

"Basi una haraka gani, mwanangu? Siku yako utaingia tu."

Wanawake walicheka mpaka karanga zikamwagika. Enelesi naye alicheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, kisha akaenda kumtafuta mkuu wa wajukuu. Huyo aliitwa Saikonde, bwana mwenye tumbo kubwa na mikono mikubwa zaidi, ambaye alikuwa amezika nusu ya watu waliowahi kuishi Chilungo na alijua kichekesho cha kila mmoja wao.

"Kaka Saikonde, mle makaburini umewahi kuona kinyonga mdogo, wa kahawia, anayekaa chini?"

Saikonde alitema mate pembeni. "Kinyonga? Makaburini kwetu? Dada, tungemwona tungempa tumbaku yake."

Enelesi hakuhitaji kuelezwa. Kila mtoto wa nchi ile anajua kwamba Mungu alimtuma kinyonga kuwaambia watu hawatakufa, na kwamba kinyonga alikwenda akisita, hatua moja mbele, hatua moja akifikiri, mpaka mjusi akampita na ujumbe mwingine, kwamba watakufa. Kwa hiyo anayekutana na kinyonga humpanua mdomo kwa kijiti na kumsukumia tumbaku mpaka afe. Bibi yake Enelesi alifanya hivyo kule Balaka, pembeni ya reli, mjukuu wake akitazama. Kinyonga alikuwa kijani, akawa manjano, akawa mweusi. Bibi alifuta vidole na kuendelea kumenya mihogo.

"Bibi, kama alichelewa kwa sababu alichoka, kwa nini tusimpe maji?" mtoto aliuliza.

Alipata kofi. Jibu hakulipata, na watu wanaomfahamu husema elimu yake yote ilianzia kwenye shavu lile.

Sasa, kila kijiji alichopita kuzunguka mlima, jibu lilikuwa moja. Kinyonga mdogo? Hapana, tunamshukuru Mungu. Kina mama waliwavuta watoto wao karibu. Mzee mmoja alimletea kinyonga wa kawaida akiwa tayari amevimba kwa tumbaku, kama mtu aletaye zawadi. Enelesi na dereva wake, Bizeki Mathotho, walishuka kwenye makorongo, wakapekua majani chini ya kila kichaka kilichobaki. Walipata tandu. Walipata vyura. Walipata sandali moja ya mguu wa kushoto.

"Dokta," Bizeki alisema, amekaa juu ya jiwe akishika kamba, "mimi nimeoa mara mbili na nimeachwa mara mbili. Lakini sijamtafuta mtu namna hii."

"Ndiyo maana uliachwa, Mzee Bizeki. Vuta kamba."

Kila jioni alipotoka korongoni aliutazama msitu wa makaburi. Ulikuwa na kila kitu: kivuli, unyevu, majani ya miaka mingi yaliyolala bila kuguswa. Kama yule kinyonga alikuwa hai mahali popote duniani, alikuwa mle, na ndani ya majuma machache mle mngekuwa majivu ya tanuri.

Kisha akafa Bibi Nagama.

Alikuwa mjane wa chifu wa zamani. Miaka mingi kabla, alikuwa ameahidiwa nafasi pembeni ya mumewe, kwa hiyo yeye pekee angezikwa juu, makaburi ya zamani, awe wa mwisho. Kilio kilipopanda asubuhi, kazi zote zilisimama. Katika msiba wa Chilungo hakuna anayeinua jembe, na mgeni anayetafuta vinyonga naye ni mtu. Enelesi alipeleka unga na kuni, akafunga kitenge juu ya suruali yake iliyotoboka, akakaa na wanawake.

Jeneza liliponyanyuliwa, alinyanyuka nalo. Na ndivyo alivyoingia katika msitu ule: kwa haki kabisa, nyuma ya maiti, katikati ya nyimbo.

Baridi ya kivuli ilimpata usoni.  Majani yalikuwa yamefika juu ya vifundo vya miguu. Wote waliinamisha vichwa kwa huzuni. Yeye aliinamisha kuliko wote. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akapitisha macho kwenye kila jani alilolikaribia, na mwanamke aliyekuwa karibu naye, jina lake Estina, akamshika mkono kwa huruma.

"Pole sana, dada. Mlikuwa ndugu?"

"Hapana," alisema Enelesi, bila kuinua macho. "Namtafuta bado."

Estina aliuacha mkono wake taratibu.

Kaburi lilikuwa halijaisha. Mizizi ilikuwa migumu, na wajukuu walikuwa wakichimba kwa zamu, wakitaniana kwa sauti. Hiyo ni ruhusa yao. Mjukuu anaweza kumtania marehemu, kumtania mchungaji, hata kumwambia chifu kwamba tumbo lake litahitaji shimo la watu wawili, na hakuna anayekasirika. Kijana mmoja mrefu, Fedisoni, alikuwa ameegemea mpini wa jembe, ametulia tuli, akidhani hakuna anayemwona.

Sauti ya Saikonde ikatoka shimoni. "We Fedisoni! Jani lenye macho! Tumekuona!"

"Mwache, amelala," akasema mwingine.

"Mguse uone! Atajidondosha kama maiti!"

"Na ukimshika kiganjani anatetemeka, brrrr, kama simu ya tajiri!"

Wajukuu walicheka. Fedisoni aliwatukana kwa adabu na kushuka shimoni.

Enelesi aligeuka upesi. Alimwinamia Estina.

"Jani lenye macho ni nini?"

"Ah, matusi ya wajukuu hayo. Maana yake mvivu."

"Najua ni mvivu. Lakini lenyewe? Hilo jani?"

"Kadudu tu, dada. Kamo humu humu, wajukuu hukaona wakichimba. Unafikiri ni jani, kumbe linakutazama. Ukilishika linatetemeka."

"Lina miguu?"

"Minne."

"Na macho? Yanazunguka?"

"Hili huku, lile kule. Dada, kaa chini. Mchungaji anaanza."

Enelesi hakujua kwamba alikuwa amesimama. Kichwani mwake kila kitu kilikuwa kimegeuka kwa pamoja. Watu wale hawakumdanganya hata siku moja. Aliwauliza habari za kinyonga, nao wakajibu habari za kinyonga, yule mjumbe wa mauti mwenye kupanda miti na kubadili rangi. Hakuna aliyewauliza habari za jani. Alimwona mmisionari wake na chupa yake, aliwaona wataalamu wote waliopita baada yake na swali lile lile mkononi, na furaha ikampanda kutoka tumboni kama maziwa yanayochemka, ikamwagika kabla hajapata kifuniko.

"Yuko hai!" alipiga kelele.

Jeneza la Bibi Nagama lilikuwa hatua chache tu mbele yake.

Mchungaji aliruka nyuma na kukanyaga bakuli la udongo. Wajukuu wawili walitoka shimoni kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyeona walivyopanda. Wanawake wa nyuma walianza kukimbia. Felesiya, binti mkubwa wa marehemu, alijitupa juu ya jeneza akipiga ubao kwa viganja na kuita, "Mama! Mama!" Bizeki, aliyekuwa na wanaume upande wa pili, aliivuta kofia mpaka ikamfunika uso wote.

Ni Saikonde aliyebaki shimoni. Alitoa kichwa taratibu.

"Nani yuko hai?"

"Jani," alisema Enelesi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mdomo ulikuwa umekataa kuacha kucheka. "Jani lenye macho. Nisameheni. Mama, nisamehe. Si yeye. Ni jani."

Ilichukua muda Felesiya kutulia. Kisha Bibi Nagama alizikwa vizuri, kwa nyimbo zote alizostahili, na baada ya udongo kushindiliwa, Saikonde akageuka kutoa hukumu, kwa kuwa kosa la makaburini huamuliwa na wajukuu na si mwingine.

"Mgeni huyu amemfufua marehemu bila idhini," alisema. "Faini ni kuku. Jike, linalotaga. Tena kesho asubuhi sisi tunarudi kufagia kaburi, kama desturi. Yeye ndiye atakayefagia. Makaburi yote. Peke yake. Sisi tutakaa."

Hakuna aliyewahi kuhukumiwa Chilungo akashukuru kwa kupiga magoti na kushika mikono ya hakimu, kama Enelesi alivyofanya. Saikonde aliitazama mikono yake kama vile ilikuwa imeibiwa kitu.

Asubuhi umande ulikuwa bado haujakauka. Kuku alikuwa amekabidhiwa. Wajukuu walijipanga juu ya gogo na chungu cha togwa, tayari kufurahia adhabu ya mtu. Bizeki aliachwa nje ya mpaka, kwenye mti wa mwisho, kwa kuwa yeye hakuwa na kosa lolote la kumwingiza.

Enelesi aliupokea ufagio, akauweka chini. Alipiga magoti na kuanza kufagia kwa vidole, jani moja moja.

"Kwa mwendo huo atamaliza Yesu amerudi," alisema Fedisoni.

"Mwache. Bora yeye kuliko mimi."

Alipita kaburi la kwanza. Alipita la pili. Mgongo ulianza kumuuma, na sauti za utani kwenye gogo zikawa mbali. Pembeni ya kaburi la mume wa Bibi Nagama, chini ya kangaga, palikuwa na jani la kahawia lenye mshipa katikati, ncha imekunjika. Aliinua kidole kulisogeza. Juu ya jani, kitu kidogo kama kichwa cha pini kiligeuka kikamtazama. Cha upande wa pili kiliendelea kutazama nyuma.

Hakupiga kelele. Alishusha kiganja mpaka kikagusa udongo, akangoja. Jani liliinua mguu, likafikiri, likaushusha, likainua mwingine. Lilipanda kiganjani. Alipokunja vidole kidogo, lilijibwaga ubavu na kufa kabisa, miguu imekunjwa. Kisha likaanza kutetemeka. Mtetemo ule ulipita kwenye kiganja, ukapanda mkono, ukafika kwenye meno yake. Chupa ya mmisionari haikuwahi kuandika habari hiyo. Hakuna kitabu kilichoiandika. Kiumbe kilichokuwa kinangojewa cheti cha kifo kilikuwa kinamngurumia mkononi kama kinamkemea.

"Ananguruma," alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, njooni msikie. Ananguruma!"

Wajukuu walimzunguka. Hawakuona ajabu kwenye jani lao, lakini mwanamke mzima mwenye udaktari anayecheka na kulia kwa pamoja juu ya jani ilikuwa ajabu ya kutosha, nao wakaanza kucheka pamoja naye. Saikonde alimpiga bega.

Ndipo Bizeki, kule mpakani, akashindwa kuvumilia.

"Dokta! Ni yeye? Ni kinyonga wetu?"

Kicheko kilikatika.

"Anasema nini yule?" aliuliza Saikonde.

 Fedisoni alirudi hatua moja. Mkono mkubwa wa Saikonde ulipanda taratibu mpaka kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo tumbaku hukaa.

"Dada. Dereva wako amesema kinyonga."

Maneno yalikuwepo, mepesi, yamekwisha kuiva mdomoni: dereva hajui anachosema, hili ni jani kama mnavyosema ninyi. Wangecheka tena. Angempima, angempiga picha, angerudi Zomba na ushindi wake. Na wiki ijayo shoka zingeingia, kwa kuwa hakuna kijiji kinachoacha kuchoma matofali kwa sababu ya kadudu. Ili msitu ubaki ilimpasa awaombe, na hakuweza kuwaomba wamtunze kiumbe huku akiwaficha jina lake.

"Ni kinyonga," alisema. "Ukoo ule ule."

Saikonde alimtazama yeye, akatazama kiganja. Mkono ulibaki mfukoni muda mrefu.

"Mrudishe ulipomtoa," alisema mwishowe. "Twende kwa chifu."

Waombolezaji walikuwa bado wamejaa uwanjani, kwa hiyo baraza halikuhitaji kuitwa. Habari ilipotolewa, kelele zilizuka kama nyuki.

"Kumbe ndiyo maana tunakufa!" alisema mwanamume mmoja. "Tumewalaza wazazi wetu na adui!"

"Msitu uchomwe leo leo!"

"Tumbaku yangu hii hapa!"

Chifu Namalima aliinua mkono. "Dokta. Sema kabla hawa hawajachoma hata choo changu."

Enelesi alisimama. Alizungumza harakaharaka, mikono ikiruka, kama kawaida yake jambo likimgusa. Alisema kwamba amemtafuta kiumbe yule kwenye kila korongo la mlima. Alisema hayupo ng'ambo ya mto, hayupo Msumbiji, hayupo Ulaya.

"Hata China?" mtu aliuliza.

"Hata China. Duniani kote yuko makaburini kwa Chilungo, basi. Mkiukata ule msitu, amekwisha, na hakuna pesa wala mkubwa atakayemrudisha."

Hapo palipita mnong'ono usiofanana na ule wa kwanza. Saikonde akajikohoza na kuvuta suruali juu ya tumbo.

"Mama Chifu, mimi nina swali la wajukuu tu. Nani huingia makaburini bila maiti?"

"Ninyi," watu walijibu.

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Akiingia?"

"Kuku!"

"Vizuri. Huyu amekuwamo tangu babu wa babu zetu. Hajalipa hata unyoya. Basi ama anadaiwa kuku kuliko mtu yeyote nchini, ama ni mjukuu." Aliacha wacheke, kisha akashusha sauti. "Alichelewa, sawa. Kuchelewa kwake ndiko kulikotupeleka kaburini. Lakini mimi namjua mtu gani aliyekosa, halafu akaenda kukaa pale pale kosa lilipoangukia, kimya, kizazi hadi kizazi, akiwaangalia waliolala? Mjusi mnamwona makaburini? Mjusi yuko kwenye kuta zenu anakula inzi. Mimi tumbaku yangu nitavuta mwenyewe."

Watu walicheka, wengine wakanung'unika. Chifu hakucheka.

"Maneno matamu, Saikonde. Na matofali? Yatachomwa kwa kicheko?"

Enelesi alikuwa na majibu mengi kuhusu kinyonga. Kuhusu matofali hakuwa na hata moja. Alitazama rundo lile lililofunikwa nyasi, akawatazama watoto waliokaa chini kando yake.

Aliyesimama ni Felesiya, binti wa marehemu. Watu walimgeukia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kumchukia mgeni yule.

"Jana huyu alinifanya nimwite mama yangu kwa sauti ambayo sijaitumia tangu utotoni," alisema. "Nilimwita kweli kweli. Sijui kama nimlaani au nimshukuru." Alijifunga kitenge upya. "Mama amelala mle na udongo haujakauka. Mnataka kumvua kivuli wiki ijayo. Mikaratusi aliyoipanda kule mtoni sasa ni yangu, ndivyo ilivyo kwetu, mali ya mama huenda kwa binti. Kateni hiyo. Mwacheni mama na wajukuu wake."

"Inatosha tanuri moja tu," alisema mtu wa kamati. "Darasa moja."

"Kwani sasa hivi mna mangapi?" aliuliza Felesiya.

Chifu Namalima alichezea ganda la karanga. "Nyuma ya choo changu iko mikaratusi saba," alisema kwa uchungu wa mtu anayejing'oa jino. "Mwisho wa maneno. Msiba ukiisha tunakata mtoni. Makaburini hakuna shoka. Na atakayeonekana na tumbaku mle ndani atanieleza mimi."

Enelesi alimtuma Bizeki mjini, penye mtandao wa simu, apeleke ujumbe kwa Profesa Mtawali. Yeye mwenyewe hakutaka kuondoka. Wajukuu walikuwa wamekubali aingie nao kila asubuhi, na siku ya pili alipata jike mwenye mayai tumboni, na siku hiyo alikimbia kutoka makaburini mpaka barazani kwa chifu kumwambia, akasahau viatu. Bizeki, ambaye hakupenda kuandika mengi, aliandika: *Yuko hai. Msitu ulikuwa ukatwe. Njoo.*

Profesa alifika msiba ulipokwisha, asubuhi mapema, gari lake likiwa limejaa vumbi mpaka juu ya paa. Alishuka chini ya kijiji na kusimama kunyoosha mgongo. Ndipo aliposikia shoka, nyingi, zikipokezana, na baada yake mshindo mrefu wa mti unaoanguka.

Watu wa Zomba hawaamini mpaka leo, lakini Chilungo nzima ilishuhudia. Profesa Mtawali alikimbia. Alipanda njia ile ya mlima na viatu vyake vya ofisini, tai imepeperukia begani, akipiga kelele, "Simameni! Jamani, simameni!" Kuku walitawanyika mbele yake. Enelesi alimwona kutoka juu, akashuka mbio kumlaki, naye akiwa hana pumzi kwa kucheka.

"Wanakata!" alisema Profesa, amemshika mabega. "Enelesi, wanakata!"

"Wanakata, Profesa. Sikiliza vizuri. Sikiliza sauti inatoka wapi."

Profesa alitega sikio, kifua kikimpanda na kushuka. Shoka zililia tena, kule chini, upande wa mto. Juu yao, msituni, palikuwa kimya.